Marehemu wa Kitanda cha Juu

Mambo haya yalitokea katika nchi nyingine kabisa, siyo hii yetu. Hilo lisemwe mapema, ili mtu asije akajishuku bure. Nchi yenyewe iko mbali, unafika ukiwa umeshachoka kuuliza njia, na ina wizara arobaini na moja. Mojawapo ni Wizara ya Huruma, Yatima na Michezo. Michezo iliongezwa baadaye, kwa sababu waziri wa kwanza alikuwa mtu wa mpira.

Wizara hiyo ilikuwa na kituo cha kulelea watoto yatima katika mji mdogo wa Kisimani. Kilianza kikiitwa Kituo cha Matumaini. Akaja mfadhili wa magodoro, kikaitwa Nyumba ya Upendo. Akaja wa tangi la maji, kikaitwa Nyota ya Faraja. Kuna mwaka kilibadilishwa jina mara nne, mpaka mchora mabango akaona nauli za nini, akahamia mtaa wa pili. Watoto wenyewe walipaita "ndani". Nje ya ukuta paliitwa "nje". Hayo majina mawili hakuna mfadhili aliyeyagusa.

Sikudhani aliingia ndani akiwa na miaka sita. Sasa alikuwa na kumi na saba na ushee, binti mrefu, mwembamba, mwenye kovu dogo chini ya kidevu, na kazi yake kituoni ilikuwa kulia.

Si utani. Kila Jumamosi walikuja wageni, na wageni wana utaratibu wao. Kwanza watoto wanapanga mstari na kuimba wimbo wa kukaribisha, wakiyumba kushoto na kulia. Halafu mgeni anasema yeye hakuja kujionesha, na anarudia kwa ajili ya kamera ya pili. Zinakabidhiwa zawadi: sabuni, sukari, mchele na miswaki. Wageni wa nchi ile wanaipenda sana miswaki. Stoo ilikuwa na miswaki elfu nne, na dawa ya meno hata ya kuonja hakuna. Baada ya miswaki, mtoto mmoja anatoa shukrani na kulia. Mwisho keki: mgeni anamlisha mtoto, mtoto anamlisha mgeni, makofi, magari yanaondoka.

Kwenye kulia ndipo Sikudhani alipokuwa fundi. Akifika kwenye maneno "hatuna baba, hatuna mama, ila tunao ninyi," chozi moja lilitoka jicho la kushoto, upande wa wapiga picha, likateremka taratibu mpaka kwenye kovu na kusimama pale kama linasubiri ruhusa. Jicho la kulia lilibaki kavu, likikadiria ukubwa wa keki. Miaka minne mfululizo alichaguliwa Yatima wa Mwaka. Picha yake ilibandikwa kwenye kuta za nchi nzima, chini yake maneno "Wizara Inajali."

"Dada Siku, unafanyaje lile chozi?" aliuliza siku moja Hidaya, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa anaandaliwa kurithi cheo. "Mimi nikilia natoka makamasi."

"Namuwaza mama."

"Yukoje?"

"Namkumbuka mgongo tu. Sura siikumbuki. Nilikuwa nimebebwa, naangalia kwa nyuma."

Hidaya akafikiria. "Bora wewe una mgongo," akasema.

*

Jumamosi moja, mgeni rasmi akiwa Naibu Waziri na mkewe Bi. Filomena, alifika getini mwanamke wa miaka arobaini na moja, amevaa kanga mbili, ana kitambaa chenye mihogo ya kuchemsha.

"Kikundi gani?" akauliza mlinzi.

"Sina kikundi, kaka yangu. Namtafuta mwanangu."

"Kikundi cha Namtafuta Mwanangu," mlinzi akaandika. "Bango mnalo?"

"Niko peke yangu."

"Mama, sijakuuliza mko wangapi. Bila bango huingii. Watu watajuaje umetoa?"

Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Akaingia kibandani akatoka na bango lililosahauliwa wiki iliyopita, UMOJA WA WAUZA MATAIRI TUNAJALI, akampa. Mwanamke akalishika, akaingia, akapangwa kwenye mstari wa wafadhili, nyuma ya chama cha wapiga picha za pasipoti.

Ndipo Sikudhani akasimama kutoa shukrani. Alipofika kwenye "hatuna mama," chozi likatoka kama lilivyofundishwa, likateremka, likafika kwenye kovu. Yule mwanamke akaliona kovu. Alilijua. Lilitokana na uji wa moto, na uji aliupika yeye.

Bango la wauza matairi likaanguka chini. "Siku! Siku wa mgongoni!"

Hakuna mtu kituoni aliyewahi kumwita hivyo. Sikudhani alimwangalia mwanamke yule usoni, sura asiyoijua, na jicho lake la kulia, lililokuwa kavu miaka kumi na moja, likafunguka kama bomba la mtaa. Wapiga picha walifurahi mno. Naibu Waziri alimnong'oneza mkurugenzi kwamba wameboresha sana programu.

*

Mkurugenzi wa kituo, Bwana Pantaleo Ngwembe, alikuwa mpole, mwenye tumbo la kistaarabu. Aliwaketisha wote wawili ofisini, akafungua faili, akasoma, akavua miwani.

"Karibu sana mama. Kuna tatizo dogo tu. Wewe umekufa."

"Mimi?"

"Mwamvua binti Salehe. Miaka kumi na moja sasa. Pole sana."

"Baba, mimi huyu hapa, nimekalia kiti chako."

"Kiti si hoja, mama. Hapa tunakwenda na maandishi."

Mwamvua akaeleza. Aliugua kifua, akatengwa hospitali miezi saba. Majirani wakampeleka mtoto ustawi wa jamii, ustawi wakamleta hapa. Alipopona akaulizia Kituo cha Matumaini, akaambiwa hakuna kitu kama hicho. Alipokuja kujua kinaitwa Nyumba ya Upendo, kilikuwa kimeshakuwa Nyota ya Faraja. "Nimekifukuza kituo chako miaka kumi na moja, baba. Nikilikaribia jina, jina limehama."

"Tatizo ni fomu," akasema Bwana Pantaleo kwa huruma. "Ona. 'Hali ya mama: weka alama. Amekufa. Hajulikani alipo.' Visanduku viwili tu. Sasa wewe ulikuwa unajulikana ulipo, uko hospitali. Kwa hiyo cha pili kingekuwa uongo. Karani wetu ni mtu mkweli."

"Si angeandika naumwa?"

"Wapi?" Aliigeuza fomu juu chini, akaitikisa. "Nioneshe nafasi."

Sikudhani, aliyekuwa ameshika ncha ya kanga ya mama yake, akasema, "Mkurugenzi, mimi sitaki mambo mengi. Nataka nikakae na mama yangu."

"Mwanangu, ningekuruhusu hata leo. Lakini nikukabidhi kwa nani? Kwa marehemu? Siku ukiugua nimpigie nani simu, kaburi? Nendeni wilayani. Wilaya ikimfufua, mimi sina neno."

*

Afisa ustawi wa wilaya alikuwa Bi. Leokadia, dada wa miaka thelathini, ana mihuri tisa iliyopangwa kwa kimo kama wanafunzi kwenye paredi.

"Shikamoo mama," alimwamkia Mwamvua. Halafu akalisoma faili. "Oo. Samahani, ile shikamoo naiondoa. Serikali haiamkii marehemu, tunaweza kuulizwa."

"Mwanangu, niguse hapa," Mwamvua akanyoosha mkono. "Nina joto au sina?"

"Joto unalo. Ila joto siyo kiambatisho." Bi. Leokadia akahesabu kwa vidole. "Kumtoa mtu kwenye marehemu kunahitaji barua ya ndugu wa karibu wa marehemu."

"Mimi," akasema Sikudhani.

"Wewe ni mtoto, hujafika kumi na nane. Anayeandika kwa niaba yako ni mlezi wako kisheria, yaani mkurugenzi."

"Basi aandike."

"Hawezi. Akiandika mama yako yuko hai, maana yake wewe siyo yatima. Wewe usipokuwa yatima, zile picha ukutani ni za nani? Wizara itakuwa imedanganya. Na Wizara haijawahi kudanganya. Mara moja ilitaka kudanganya, ikatunga sheria kwanza." Aliinuka, akaivua kidogo kofia yake ya nywele bandia, akairudisha. "Tusimame dakika moja kumkumbuka mama yako."

Wakasimama. Mwamvua naye akasimama, maana alifundishwa adabu. Dakika ilipoisha, Bi. Leokadia akampa Sikudhani mfuko wa sukari wa rambirambi, na kwa vile fomu ya kupokea ilitaka sahihi ya mtu mzima, akasaini Mwamvua.

Nje ya ofisi mama na mtoto walikaa kwenye ngazi, mfuko wa sukari katikati yao.

"Tutoroke," akasema Mwamvua.

"Picha yangu iko kila ukuta, mama. Tutafika wapi?" Sikudhani alikuwa anatazama ubao wa matangazo. Pale palibandikwa Sheria ya Yatima, karatasi imeliwa na jua, haisomwi na mtu. Akaisoma. Akarudia kifungu cha kwanza. "Mama, baba yako yuko wapi?"

"Babu yako? Alikufa mwaka wa mafuriko."

"Na mama yako?"

"Alimfuata mwaka uliofuata. Kwa nini?"

"Sheria inasema yatima ni mtu yeyote aliyefiwa na baba na mama. Mtu yeyote, mama. Umri hawakuandika."

*

Bwana Pantaleo angeweza kucheka, lakini wiki ile hakuwa na nafasi ya kucheka. Wafadhili waliahidiwa watoto sitini, na mmoja alikuwa amechukuliwa na shangazi yake ghafla, tena shangazi aliye hai. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatano. Alikisoma kifungu, akakisoma tena, akaitisha fomu ya kupokea mtoto.

"Jina?"

"Mwamvua binti Salehe."

"Hapana, huyo amekufa. Tuandike Mwamvua wa Pili. Umri: sifuri mpaka mitano, sita mpaka kumi na moja, kumi na mbili mpaka kumi na saba." Alimwangalia, akakuna shavu. "Tukuweke kumi na tatu. Una adabu. Umefiwa lini?"

"Zamani, baba."

"Pole sana, mtoto."

Akapewa namba sitini, gauni la bluu lililofungukia mgongoni, sahani, kikombe na miswaki sita. Akapangiwa kitanda cha juu, juu kabisa ya kitanda cha Sikudhani. Matroni, msichana wa miaka ishirini na tatu, alimwelekeza kwamba watoto wa kituo hupiga magoti wakiamkia wakubwa. Mwamvua akapiga magoti.

"Shikamoo matroni."

"Marahaba, mtoto. Magoti yako yanalia hivyo kwa nini?"

"Nakua, matroni."

Basi wakaishi. Ukitaka kusema ukweli, iliyofuata ndiyo miezi mitano mizuri kuliko yote aliyoiona Sikudhani. Alfajiri alisukwa nywele. Mchana alipigiwa kelele kwamba hali vizuri. Kitanda cha juu kikilia usiku, alijua mama anajigeuza, akalala tena. Na siyo yeye peke yake. Watoto wote sitini, ukimtoa Mwamvua hamsini na tisa, walianza kunawa masikio. Hidaya aliacha kujikojolea, akapoteza ile sura ya huzuni, wakamtoa kwenye mafunzo ya kulia. Chakula kilikuwa na chumvi. Mwamvua alipigwa marufuku jikoni mara mbili kwa kosa la utumikishwaji wa watoto, na mara mbili mpishi alienda kumwombea msamaha.

Saa za somo alikaa na wenzake. Mwalimu wa kujitolea aliwaambia wachore picha ya mama. Mwamvua alichora mtu amekaa chini na mtoto mkubwa kwenye mapaja yake, akapewa alama nne juu ya kumi, kwa sababu mtoto alimzidi mama urefu.

*

Watoto wa vituo katika nchi ile wana siku moja ya kuzaliwa, wote, siku iliyoanzishwa Wizara. Inarahisisha keki. Siku hiyo ilipofika, Sikudhani akatimiza miaka kumi na nane, na mtu akitimiza kumi na nane ndani ya kituo, hupewa cheti, godoro na miswaki arobaini, halafu huoneshwa geti.

"Sasa naondoka na mama yangu," alimwambia Bwana Pantaleo.

"Mama yako alishaondoka miaka kumi na moja iliyopita, mwanangu. Huyu ni mtoto namba sitini. Leo ndiyo kwanza katimiza kumi na nne." Alionekana anaumia kweli. "Vumilia. Miaka minne siyo mingi. Atakua."

Sikudhani akatoka na godoro kichwani. Mwamvua akavua gauni la bluu, akajifunga kanga zake, akatoka nyuma yake. Walifika kwenye kona ya mchora mabango. Mlinzi akawakuta pale anahema.

"We mtoto! Unatoroka?"

"Mimi ni mtu mzima!"

"Wote wanasema hivyo," akasema mlinzi, akamshika mkono akamrudisha. Sikudhani akavuta mkono wa pili, akaambiwa asithubutu, kumshawishi mtoto atoroke ni jela. Akauachia.

Wiki ile ile Mwamvua alitoroka tena, kupitia dirisha la choo, na redio ya wilaya ikatangaza: mtoto amepotea, jinsia ya kike, umri miaka kumi na minne, ana mvi kidogo na anasumbuliwa na mgongo, atakayemwona atoe taarifa kituo cha polisi. Akakutwa sokoni, akiulizia chumba cha mwanawe. Akarudishwa na pipi.

*

Sikudhani alipata kazi kwenye saluni ya kusuka na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa kwa kamba. Kila Jumamosi alipanga foleni getini na bango lake, KIKUNDI CHA SIKUDHANI, akapewa dakika zake tano na mama yake baada ya keki. Walikuwa wanaongea haraka haraka kama watu wanaotoa maji kwenye mtumbwi.

"Unakula?"

"Nakula. Mgongo vipi?"

"Achana na mgongo. Siku, kuna neno." Mwamvua alishusha sauti. "Yule mke wa Naibu Waziri kanionja mkono. Kakuta nimepika pilau, kala sahani tatu. Anataka kuniasili."

"Kukuasili?"

"Niwe mtoto wake. Kasema katafuta miaka mingi mtoto wa hivi, anayejua kupika, anayefua, hasumbui na hachezi."

Sikudhani hakusubiri dakika ya tano. Alitoka pale mbio mpaka wilayani, akamkuta Bi. Leokadia anafunga ofisi.

"Nipe fomu ya kuasili mtoto."

"Mtoto yupi?"

"Namba sitini."

Bi. Leokadia akarudisha ufunguo mlangoni. Kisha akafungua tena ofisi, akatoa fomu, akaiweka mezani, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuuliza kiambatisho.

*

Kamati ya kuasili ilikaa siku ya Alhamisi katika ukumbi wa kituo. Mwenyekiti alikuwa Bwana Pantaleo, Bi. Leokadia katibu, na kulikuwa na wajumbe watatu ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa kukubali. Waombaji walikaa kwenye viti. Mtoto alikaa chini kwenye mkeka, akapewa kidoli asije akachoka.

Bi. Filomena, mke wa Naibu Waziri, alianza. Alisema ana nyumba ya vyumba tisa, na nafsi yake haipati usingizi akikumbuka kuna yatima wanaolala bila mama. Alisema mtoto ameshaandaliwa chumba, kipo karibu na jiko ili asisikie baridi. Wajumbe wakatikisa kichwa.

"Wewe una nini?" mwenyekiti akamuuliza Sikudhani.

"Chumba kimoja na godoro mlilonipa."

"Umewahi kulea?"

"Hapana. Ila nimelelewa, nimeona inavyofanyika."

"Watu wengi wanataka watoto wadogo, wa miaka miwili hivi, bado laini. Huyu kashakomaa. Kwa nini huyu?"

"Nimemzoea."

"Utaweza kumpenda kama damu yako?"

Sikudhani akageuka kwanza kumtazama mtoto pale kwenye mkeka. Mwenyekiti akaandika kwamba mwombaji ana mashaka. Mjumbe mmoja, aliyekuwa hajasema neno tangu achaguliwe, akainua mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi naona hawa wawili wanafanana kidogo. Pale puani. Ni bahati nzuri, mtoto hatajisikia mgeni."

"Kufanana siyo kigezo," akasema Bwana Pantaleo. "Vyumba tisa ni kigezo. Katibu, wasomee waombaji masharti tumalize."

Bi. Leokadia akasimama. Akasoma sharti la kwanza na la pili kama kawaida. Sharti la tatu akalisoma polepole, na kila neno akaliweka chini kama sahani ya udongo. "Mtoto aliyeasiliwa atapelekwa shule ya msingi. Kila siku. Asubuhi mpaka saa tisa na nusu. Afisa atakagua mahudhurio kwa kushtukiza. Mtoto akikutwa nyumbani saa za masomo, mzazi atashtakiwa na picha yake itawekwa gazetini."

Bi. Filomena aliacha kujipepea. "Kila siku? Na chakula cha mchana?"

"Atakula shuleni."

"Sasa mume wangu anakula saa saba!"

"Sheria haijamtaja, mheshimiwa."

"Jumamosi je?"

"Masomo ya ziada."

Bi. Filomena akainuka, akakunja kitenge chake begani. Alisema upendo wake kwa yatima uko palepale, ila amekumbuka ana safari. Gari lake liliwashwa kabla hajafika.

Mwenyekiti akageuka kwa Sikudhani. "Na wewe? Unaahidi kumsomesha?"

Mwamvua, pale chini, alikuwa ameshika kidoli kwa shingo. Hajawahi kuvuka darasa la pili. Alimwangalia mwanawe, akatikisa kichwa haraka kukataa, kwa kuogopa hesabu.

"Atasoma," akasema Sikudhani. "Hata akilia."

Wakamuuliza mtoto kama anakubali. Mtoto akasema anakubali, naomba niinuke hapa chini, kiuno kinauma. Sikudhani akamshika mkono akamnyanyua, na safari hii mlinzi aliwafungulia geti mwenyewe.

*

Baada ya miezi mitatu Bi. Leokadia alikwenda kukagua, kwa kushtukiza, kama alivyotakiwa. Shuleni aliambiwa mtoto yuko darasa la tatu, anakaa mbele kwa sababu ya macho, kapigana mara moja, na aliyepigwa alistahili. Akaenda nyumbani saa kumi na mbili jioni. Alisikia sauti kabla hajagonga.

"Hizi ndizo saa za kurudi? Nimetoka shule nikapika, nikakaa hapa nakodoa macho barabarani! Uko wapi? Saluni gani inafungwa saa hizi?"

"Mama, kulikuwa na bibi harusi..."

"Bibi harusi kakuzaa yeye? Kaoshe zile sahani. Halafu uje unisaidie hii hesabu ya mafungu, sijaielewa hata kidogo."

"Naenda, mama."

Kwenye pengo la mlango Bi. Leokadia alimwona Sikudhani amechuchumaa mbele ya beseni, anaosha sahani, mapovu mpaka kwenye viwiko, anatabasamu peke yake. Hakugonga. Aliegemea ukuta, akatoa fomu ya ufuatiliaji kwenye mkoba, akatafuta kisanduku kinachofaa, hakukiona. Akachora kimoja kwa mkono pembeni, akaweka alama, na mbele yake akaandika: *Mtoto ana tabia ya kumgombeza mzazi. Mzazi anatii. Familia inaendelea vizuri.*